Mseto si upo? Maswali ninayoulizwa kila siku kuhusu utafiti wa dawa mpya za malaria

Nina duka la dawa muhimu huku mkoani Tanga, na kabla ya duka nilizunguka vijijini miaka miwili na timu ya watafiti wa malaria, kazi yangu ilikuwa kupima watoto uzito, kujaza fomu na kumfuata nyumbani mama ambaye hajatokea siku yake ya kurudi. Kwa hiyo nikiwa kaunta watu wananiuliza ya dukani na ya utafiti yote kwa pamoja, na mengi yanajirudia. Nimeyaweka hapa na majibu yake kama ninavyowajibu, sijayapanga sana.

Mseto si upo na watu wanapona? Utafiti mwingine wa nini tena?

Upo, ndiyo dawa ya malaria tunayoitumia sasa, na ukipimwa ukakutwa na malaria meza huo huo mseto leo, usisubiri dawa ya kesho. Lakini klorokwini nayo ilikuwepo. Sisi tuliokua enzi zile tunaijua, mama anaponda kidonge kwenye kijiko anaweka na sukari na bado uchungu unakaa kooni mpaka jioni, halafu usiku unakuja muwasho, yaani mwili mzima kuanzia viganja mpaka nyayo na hakuna kipele hata kimoja cha kumwonesha mtu. Tulivumilia kwa sababu ilikuwa inaponya. Baadaye ikaacha kuponya. Mtoto anamaliza dozi yote, homa inashuka, wiki mbili hazijaisha yuko moto tena, na kila ikirudi damu inazidi kupungua mpaka macho na ulimi vinakuwa vyeupe.

Tarehe zenyewe ndizo zinazonitisha. Usugu wa klorokwini ulianza kuonekana Asia mwishoni mwa miaka ya 1950, Afrika ukagundulika 1978, na ulianzia hapa hapa kwetu Kenya na Tanzania. Kenya iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 1998, Tanzania 2001. Hesabu mwenyewe kutoka 1978 mpaka 2001 ni miaka mingapi, na katika miaka hiyo yote watoto waliendelea kupewa dawa ambayo kila mwaka inapungua nguvu, kwa sababu ya kubadilisha nayo ilikuwa haijawa tayari au ilikuwa ghali mno. Tulipobadilisha tukaingia kwenye SP (sulfadoxine-pyrimethamine, wengi mnaijua kama Fansidar), na ile ilijulikana toka mwanzo kuwa ni ya muda tu, haikukaa, kufika 2007 tukawa tumeingia kwenye mseto.

Dawa ya malaria ina umri wake. Mseto umetufikisha mbali lakini nao unazeeka, na dawa mpya haitengenezwi kwa mwaka mmoja, kwa hiyo ukisubiri iliyopo ishindwe ndio uanze kutafuta nyingine, umeshachelewa miaka kumi na zaidi.

Usugu ni nini hasa? Ni mwili wangu umezoea dawa?

Hapana, mwili wako haujazoea chochote. Anayebadilika ni mdudu wa malaria anayekaa kwenye damu. Ukiambiwa una malaria ndani ya damu yako wako wengi sana, na katika kuzaana kwao kuna mmoja mmoja anazaliwa na mabadiliko kidogo yanayomfanya avumilie dawa. Dawa inaua wenzake, yeye anabaki. Mbu anakuja kukunyonya anamchukua anampeleka kwa jirani. Jirani hajawahi hata kumeza dawa hiyo maishani mwake lakini mdudu aliyempata ni sugu tayari.

Ndio maana nakasirika mtu anaponiambia nimpe vidonge vinne tu vya mseto kwa sababu hela haitoshi. Mtu mzima dozi ni vidonge 24, vinne vinne mara sita kwa siku tatu, dozi ya pili unameza masaa nane baada ya ile ya kwanza na sio ukikumbuka. Na umeze na chakula chenye mafuta, hata maziwa au chapati, kwa sababu ile dawa ya pili iliyo ndani ya mseto bila mafuta haiingii vizuri mwilini.

Kwa nini unaitwa mseto?

Kwa sababu ni dawa mbili kwenye kidonge kimoja. Ya kwanza ni artemether, ya jamii ya artemisinini, hii inapiga haraka sana, wadudu wengi wanakufa ndani ya siku mbili tatu lakini yenyewe inatoka mwilini baada ya saa chache. Ya pili, lumefantrine, ni ya polepole, inakaa siku kadhaa ikimalizia waliobaki. Wazo ni kwamba mdudu akiweza kuikwepa moja basi ya pili imkute. Ni wazo zuri na ndilo lililotufanya tudumu na mseto karibu miaka 20, lakini linafanya kazi tu zote mbili zikiwa na nguvu. Ile ya haraka ikianza kuchelewa, mzigo wote unamwangukia mwenzake.

Ni kweli mseto umeanza kushindwa huku kwetu?

Hapa naomba msome taratibu kwa sababu kila nikilisema watu wanasikia nusu. Mseto bado unaponya. Kinachotokea ni kwamba dalili za mwanzo za usugu dhidi ya artemisinini zimeshaingia Afrika Mashariki. Kwanza ilikuwa Kambodia magharibi, mwaka 2008 ikatangazwa kwamba wadudu kule wanachelewa kufa. Sisi tukawa tunasema hayo ya Asia. Mwaka 2020 yakachapishwa matokeo ya Rwanda, mwaka 2021 kaskazini mwa Uganda, halafu Tanzania kwenyewe, mkoa wa Kagera, upande wa Karagwe. Kule Karagwe watafiti waliwafuatilia wagonjwa wakakuta wanapona, lakini siku ya tatu baada ya kuanza dawa wengine bado wana wadudu kwenye damu, wakati zamani siku ya tatu damu ilikuwa imeshasafika. Na walipopima vinasaba vya wadudu hao wakakuta badiliko lile lile lililoonekana Rwanda, kwenye sehemu inayoitwa kelch13.

Sasa jiulize tulijuaje hayo. Hakuna mgonjwa anayeweza kuhisi kwamba wadudu wake wamechelewa siku moja kufa. Muuguzi hawezi kuona kwa macho. Imejulikana kwa sababu kuna watu wanakaa na darubini wakihesabu, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka siku ya 28, na mtu wa kumfuata mgonjwa kijijini akikosa kuja. Kazi ya namna hiyo ndiyo niliyokuwa naifanya mimi na pikipiki kwenye tope na kwa kweli wakati ule sikujua uzito wake, niliona ni kujaza makaratasi.

Kama klorokwini imepumzika muda mrefu, si turudi kwayo?

Swali zuri na kuna watu wamelifanyia utafiti. Malawi waliiacha klorokwini 1993, mapema kuliko sisi wote, na baada ya miaka wale wadudu sugu wakapungua wakapotea kabisa. Utafiti wa kule uliochapishwa 2006 ulionesha klorokwini imerudi kuponya karibu wagonjwa wote, asilimia 99. Lakini ukiirudisha peke yake kila duka na kila kibanda kama zamani, usugu utarudi na safari hii hautachukua miaka 20. Labda siku moja itachanganywa na nyingine. Klorokwini ya bibi kwenye droo tupa.

Mbona nilimeza dozi yote na sikupona? Si ndio usugu huo?

Mara nyingi sio. Nikimuuliza mtu vizuri nakuta hakupimwa, alihisi tu, na homa ilikuwa ya UTI au tumbo au mafua. Au alimeza siku mbili akajisikia vizuri akamwekea mtoto vilivyobaki. Au alitapika dakika kumi baada ya kumeza na hakurudia. Au alinunua dawa sehemu isiyoeleweka, na dawa bandia zipo jamani, sitaki kudanganya. Ukimaliza dozi sawasawa na homa ipo baada ya siku tatu, usirudi dukani kwangu, nenda kituo cha afya upimwe tena. Hata mimi ukija nitakwambia hivyo hivyo.

Mwarobaini unatibu magonjwa arobaini, kwa nini wasitumie dawa zetu za asili?

Mama mmoja alinishikia kiuno kabisa kwa hili swali. Jibu langu ni kwamba nusu ya mseto wenyewe imetoka kwenye mti shamba! Kwinini ilitoka kwenye magome ya mti wa Amerika Kusini. Artemisinini imetoka kwenye mmea wa Kichina ambao umewahi kulimwa mpaka Arusha. Hakuna anayedharau majani.

Ila sikiliza ilivyopatikana. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri kutafuta dawa ya malaria, kipindi cha vita ya Vietnam, wanajeshi walikuwa wanakufa kwa malaria na klorokwini imeshindwa kule. Mama mmoja mtafiti, Tu Youyou, na wenzake wakapitia mapishi ya dawa za asili zaidi ya 2,000. Ule mmea waliujaribu, mara unafanya kazi mara haufanyi. Alirudi kwenye maandishi ya mganga Ge Hong wa karne ya 4, akakuta imeandikwa uloweke kwenye maji, ukamue, unywe juisi yake. Haijasemwa uchemshe. Ndipo akawaza kwamba pengine wao kwa kuchemsha ndio wanaiua dawa. Akabadilisha njia, akatumia kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikaua wadudu wote kwenye panya. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakainywa wenyewe kwanza kuona kama ina sumu. Tuzo ya Nobel alipewa 2015.

Kwa hiyo tofauti ya jani na dawa ni hiyo kazi ya katikati, kujua kipi ndani ya jani kinachoua mdudu, kiasi gani, mtoto wa kilo 8 apewe ngapi, na ini litavumilia au halitavumilia. Ukichemsha majani nyumbani kikombe cha leo kina nguvu na cha kesho hakina, na dozi pungufu ndiyo inayofuga usugu. Mwarobaini nao ufanyiwe kazi hiyo hiyo, na wataalamu wetu wapewe hela ya kuifanya, hilo nalidai kwa sauti kubwa.

Mbona utafiti unachukua miaka mingi hivyo?

Kwa sababu kila hatua inasubiri watu. Maabara kwanza, halafu wanyama, halafu watu wazima wachache wenye afya kuangalia usalama, halafu wagonjwa wachache kutafuta dozi, halafu maelfu kulinganisha na dawa iliyopo. Chanjo ya malaria ya RTS,S kazi yake ilianza 1987 na Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuja kuipendekeza Oktoba 2021. Jaribio lake kubwa lilikuwa na watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, kuanzia 2009 mpaka 2014, na kwa Tanzania vituo vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Watoto wa hapa Tanga wamo ndani ya hizo namba.

Wazungu wanatufanyia majaribio sisi kama panya?

Hili naulizwa kwa sauti ya chini, mtu anaangalia kwanza kama kuna mwingine dukani. Na mimi silichukulii kama ujinga. Watu wamewahi kudhulumiwa kwa jina la utafiti, hapa Afrika na kwingine, mtu kuogopa ana haki. Tena hata kwenye kazi zinazofuata sheria nimeona makosa, kuna msimamizi mmoja niliyewahi kufanya naye alikuwa anasoma ile karatasi ya ridhaa kama anafukuzwa, mama anaitikia tu ndiyo ndiyo, nikamwambia dada huyu hajaelewa, turudie. Tukarudia, yule mama alipoelewa akakataa, na ilikuwa haki yake.

Lakini angalia upande wa pili. Malaria mwaka 2023 iliua watu wapatao 597,000 duniani, asilimia 95 wako Afrika, na wengi wao watoto chini ya miaka mitano. Dawa ya malaria ukaijaribu Sweden utampa nani? Na siku hizi sio watu wa nje tu. Taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara ni yetu, NIMR, ile ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ni yetu, KEMRI, ya utafiti wa tiba iliyoko Kilifi, ni ya Wakenya, wanaoongoza tafiti ni watoto wetu waliosoma. Hapa Tanzania utafiti wowote wa binadamu lazima upite kwenye kamati ya maadili ya taifa iliyo chini ya NIMR, na ukiwa wa dawa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao lazima waidhinishe. Kinachoniumiza mimi zaidi ni kinyume chake, dawa zilizokaa miaka mingi bila kujaribiwa kwa watu wetu, halafu zikija huku tunakisia dozi.

Nipe mfano wa kukisia dozi.

Watoto wachanga chini ya kilo tano. Mseto ulipangwa kuanzia kilo tano. Sasa mama analeta kichanga cha kilo tatu na nusu kina malaria, ufanye nini? Miaka yote wahudumu walikuwa wanakata vidonge na kukadiria kwa macho, na mwili wa mtoto wa wiki tatu haushughuliki na dawa kama wa mtoto wa mwaka. Ilikuwa mpaka Julai 2025 ndipo mamlaka ya dawa ya Uswisi ikaidhinisha mseto wa kwanza uliotengenezwa kwa ajili ya watoto wa kilo mbili mpaka chini ya tano. Mwaka 2025! Mseto wenyewe tunautumia toka 2007.

Utafiti ni kutafuta dawa mpya tu?

Hapana, na hili ndilo ningependa kila mtu alijue, hata wale wasiojali malaria.

Chukua kwinini ya drip. Mtoto aliyezidiwa, anayeshtuka degedege, tulikuwa tunamtundikia kwinini, inapita taratibu kwa saa nne, ikienda haraka moyo unaweza kuleta shida, sukari inashuka, na mtu mzima atakwambia masikio yalivyokuwa yanavuma. Ilitumika miaka na miaka na kila mtu aliamini ndiyo bora. Kati ya 2005 na 2010 likafanyika jaribio kwenye hospitali za nchi tisa za Afrika, Muheza na Korogwe zikiwemo, watoto 5,425, nusu kwinini na nusu artesunate ya sindano, ambayo ni ya jamii ya artemisinini. Waliopewa kwinini walikuwa 2,713 na waliokufa ni 297. Waliopewa artesunate walikuwa 2,712, wakafa 230. Tofauti ya watoto 67 ndani ya utafiti mmoja, na wote walikuwa wanahudumiwa na madaktari wazuri wenye nia njema. Baada ya hapo miongozo ikabadilika, na leo mtoto akifika wodini na malaria kali anachomwa artesunate na watu wengi hawajui hata kwamba iliwahi kuwa swali.

Mfano wa pili ndio unaoninyima usingizi. Mtoto anafika na homa kali, mikono na miguu ya baridi, mzunguko wa damu umelegea. Vitabu vya nchi tajiri vilisema mpe maji ya mshipa mengi na haraka. Inaingia akilini kabisa, mimi mwenyewe ningefanya hivyo. Watafiti wa Kilifi wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland wakasema tulipime hili, wakalipima Kenya, Uganda na hapa Muheza, watoto 3,141. Januari 2011 ilibidi wasimamishe kabla ya kumaliza. Waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi, kama 10 na nusu katika kila 100 ndani ya saa 48, na ambao hawakupewa yale maji ya haraka ni saba. Yaani kitu tulichokiona ni msaada kilikuwa kinaongeza vifo, na bila mtu kuthubutu kuuliza kingeendelea mpaka leo na kila mtoto akifa tungesema alichelewa kuletwa.

Ukiniuliza kwa nini naamini utafiti usisimame, nitakutajia hao watoto wa wodini kabla sijakutajia kidonge chochote kipya.

Chanjo imeshapatikana, si tumemaliza?

Tumepiga hatua kubwa lakini bado. RTS,S ilianza kutolewa 2019 Malawi, Ghana na Kenya magharibi, na kule ilikoanzia vifo vya watoto kwa ujumla vilipungua asilimia 13, ambayo kwa chanjo moja ni kubwa mno. Ya pili, R21, WHO ilipendekeza Oktoba 2023, nayo ilijaribiwa Kilifi na Bagamoyo pia. Katika mwaka wa kwanza ilizuia malaria kwa asilimia 75 kule inakotolewa kabla ya msimu wa mvua, na 68 kwenye maeneo ambayo mbu wapo mwaka mzima kama pwani yetu. Ni nzuri, ila sio kama ya surua. Kinga inashuka, unahitaji dozi nne na ile ya nne inakuja mtoto ameshatembea na mama ameshaacha kwenda kliniki mara kwa mara. Kwa hiyo aliyechanjwa bado anaweza kuugua na bado atahitaji dawa inayofanya kazi, na chandarua.

Hela za utafiti si bora wanunue vyandarua?

Vyandarua vyenyewe ni utafiti! Mbu wamezoea ile dawa ya kawaida ya kwenye neti, unalala ndani ya neti nzima na asubuhi unawakuta wamekaa juu yake wameshiba. Misungwi, Mwanza, walijaribu neti za aina nne kwenye vijiji, zile zenye dawa mbili za aina tofauti zikapunguza malaria ya watoto vizuri kuliko za kawaida, yakachapishwa 2022 na WHO ikazipendekeza 2023. Bila Misungwi serikali zingeendelea kununua mamilioni ya neti ambazo mbu hazimtishi.

Kipimo cha kidole nacho kinaweza kushindwa?

Baadhi ya maeneo ndiyo, hasa Eritrea na Ethiopia, mdudu amepoteza ile protini ambayo kipimo kinaitafuta, mtu ana malaria kipimo kinasema hana. Vipimo vipya vinatafutwa.

Kuna dawa gani mpya inakuja?

Inayotajwa sana ni ganaplacide, imechanganywa na lumefantrine, na hii sio ya jamii ya artemisinini kabisa, ndio maana watu wana matumaini. Ni chembechembe za kwenye pakiti, unameza mara moja kwa siku, siku tatu. Jaribio lake kubwa lilifanyika nchi 12 za Afrika na Novemba 2025 wakatangaza matokeo, ilitibu asilimia 97.4 ikilinganishwa na 94 ya mseto. Bado kuna mambo ya vibali, usije dukani kuiulizia. Wengine wanajaribu kuweka dawa tatu badala ya mbili ili tununue muda. Kuna na sindano ya kinga zilizotengenezwa maabara za kukukinga msimu mzima.

Nani analipa haya yote, na yakikatika?

Serikali, mifuko ya kimataifa, mashirika ya hisani, na kampuni kwa kiasi chake. Ugonjwa wa maskini hauna soko la faida kubwa na hilo linaeleweka, ndio maana nyingi zinakwenda kwa ubia. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake kila anayefanya kazi za malaria alishtuka. Utafiti ukisimama katikati hauuweki friza uuendeleze mwakani. Wale wagonjwa uliokuwa unawafuatilia siku ya 14 wanapotea, vijana waliofundishwa kusoma darubini wanaenda kuendesha bodaboda. Bajeti zetu wenyewe lazima ziwe na fungu hili, hata dogo, lisilotegemea uchaguzi wa nchi ya watu.

Wamekuja kijijini wanataka mtoto wangu aingie kwenye utafiti. Niulize nini?

Usikubali wala usikatae kwa haraka, waambie wakae, waeleze kwa Kiswahili cha kawaida. Uliza wanatafuta nini. Uliza dawa atakayopewa ni ipi na ingekuwa si wao angepewa ipi. Uliza damu wanachukua kiasi gani, waoneshe kwa kijiko, na itapelekwa wapi. Uliza akipata shida usiku nampigia nani, na uipige hiyo namba palepale uone kama inapokelewa. Uliza kibali chao, namba ya kibali huwa imeandikwa kwenye karatasi ya ridhaa na nakala moja unabaki nayo wewe. Ukitaka baba yake au shangazi awepo, sema waje kesho. Ukikubali na baadaye ukabadili mawazo, unatoka siku hiyo hiyo na mtoto anaendelea kutibiwa kama wengine, hawaruhusiwi kumnyima matibabu.

Na ukikubali, siku ya kurudi ikifika rudi hata kama mtoto anacheza na amepona. Wanaomfuatilia wanataka kumwona siku ya 28 akiwa mzima, na asipoonekana jina lake linakaa kwenye fomu halijulikani alipona au hakupona.